Mpira wa baa 10 umepasuka, pampu ilikuwa baa 6: je, mkono wa chuma ndio dawa?

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Tuna bohari ndogo ya dizeli. Meli hutuletea mzigo mara mbili au tatu kwa mwezi na hushusha kama mita za ujazo 200 kwa saa. Kutoka gatini mpaka matangini ni bomba la inchi 6, mita 1,400. Gatini tunatumia mipira miwili ya kupitishia mafuta, ya inchi 6, iliyounganishwa. Juzi tangi lilipokaribia kujaa, kijana wa zamu alifunga vali ya tangi, na papo hapo mpira wa upande wa meli ukapasuka karibu na flanji (bamba la kuungia kwa boliti). Hakuna aliyeumia. Geji ya meli ilikuwa inasoma presha ya baa 6, na mpira umeandikwa baa 10. Muuzaji anasema mipira ndiyo tatizo, tununue mkono wa chuma wa kupakulia, yaani mabomba ya chuma yenye viungo badala ya mipira. Mzee wetu wa gati anasema ni kwa sababu hatukufunga waya wa ethi (wa kutoa umeme) kati ya meli na gati. Bosi anataka jibu moja. Na upande wa malori bado tunajaza kwa juu, je, huo nao tuubadilishe?*

Ndugu yangu, poleni kwa mkasa, na afadhali hakuna aliyekuwa amesimama mbele ya mpira ule. Bosi wako anataka jibu moja, basi hili hapa: kilichopasua mpira ni pigo la presha lililotokea vali ile ilipofungwa ghafla. Mkono wa chuma hauzuii pigo la namna hiyo, na waya wa ethi hauhusiki nalo hata kidogo. Hata hivyo muuzaji na mzee wa gati kila mmoja ameshika kipande cha jambo la kweli, kwa hiyo tuyachambue moja moja. Chombo kilichonunuliwa kwa sababu isiyo yake huja kulaumiwa bure.

Anza na bomba lenyewe. Bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 1,400 hubeba karibu mita za ujazo 26, yaani tani 22 hivi za dizeli. Kwa kiwango chenu cha kushusha, shehena hiyo yote inatembea mita 3 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka. Vali ya kipepeo au ya tufe, yenye mkono wa robo mzunguko, hufungwa kwa chini ya sekunde moja. Tani 22 hazisimami kwa sekunde moja bila kugonga kitu.

Dizeli iliyo mlangoni pa vali ndiyo husimama kwanza. Iliyo nyuma yake bado inakuja, inajibana juu ya ile ya mbele, nayo inasimama, na hivyo hivyo kurudi nyuma, mpaka unapata wimbi la presha linalokimbia kinyumenyume kuelekea melini. Kasi yake ni kasi ya sauti ndani ya kimiminika. Kwa dizeli iliyo ndani ya bomba la chuma ni kama mita 1,150 kwa sekunde. Ukubwa wa pigo unaupata kwa kuzidisha vitu vitatu: uzito wa mita moja ya ujazo (kilo 840), kasi ya wimbi (1,150) na kasi ya mwendo uliokatwa (3). Jibu ni paskali milioni 2.9, yaani baa 29 juu ya presha iliyokuwamo tayari. Hesabu hiyo inaitwa ya Joukowsky, na ukiitazama utaona urefu wa bomba haumo.

Urefu unaamua kitu kingine: upesi ni upi. Wimbi linatoka kwenye vali, linafika melini baada ya sekunde 1.2 na kurudi kwenye vali baada ya sekunde 2.4. Vali ikishafungwa ndani ya sekunde hizo 2.4, ni sawasawa na kufungwa kwa kufumba na kufumbua, pigo linakuwa kamili. Kwa bomba la mita 100 tu, kufunga kwa sekunde moja kusingeleta pigo kamili, na ndiyo maana kijana aliyezoea vali za mabomba mafupi ya kupakia malori hawezi kujua kwamba mkono ule ule, kwa namna ile ile, unavunja vitu ukiwa mwisho wa bomba refu. Msimlaumu sana.

Ndiyo maana pia geji ya meli haikutoa ushahidi. Mshale wa geji ya kawaida, hasa ile iliyojazwa mafuta ya kutuliza mtetemo, huenda usifuate vizuri kitu kinachokuja na kupita ndani ya sekunde moja au mbili. Baa 6 ni presha ya kazi. Mpira wenu uliona 6 na 29, baa 35, msuguano wa bomba ukipunguza kidogo.

Sasa linganisha na maandishi ya mpira. Mpira wa baa 10 hujaribiwa kwa mara moja na nusu, baa 15, na ukiwa mpya hutengenezwa usipasuke chini ya mara nne, baa 40. Mipira inayobebwa na meli za kemikali chini ya kanuni za IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari) hutakiwa kuhimili mara tano. Kwa hiyo mpira mpya pengine ungelistahimili pigo la siku ile, ukaumia ndani kimyakimya. Wenu ulikuwa umeshaumia, na inawezekana vali ile imewahi kufungwa hivyo mara nyingi kabla ya juzi.

Hata hiyo namba 10 isomwe kwa makini. Kuna namna mbili za kuandika uwezo wa mpira. Moja hutaja presha ya kazi pamoja na kupandashuka kwake kwa kawaida, bila kuhesabu mapigo ya kufunga vali. Nyingine hutaja presha ya juu kabisa inayoruhusiwa, mapigo yakiwamo. Cheti cha mpira ndicho husema ni ipi. Alama iliyopigwa kwenye flanji peke yake haitoshi. Kama cheti hamna, chukulieni kwamba 10 ndiyo dari, na mapigo yote yawe chini yake.

Watu wakisikia haya husema: basi tufunge polepole. Hiyo ni nusu ya dawa. Katika bomba refu, msuguano wa bomba lenyewe ndio unaoshikilia mtiririko, na vali inapoanza kufungwa haikati kitu. Unaweza kuizungusha robo tatu ya safari yake na dizeli ikaendelea kupita karibu kama mwanzo. Mtiririko hukatwa kwenye kipande cha mwisho. Ukifunga kwa sekunde 30 kwa mwendo ulio sawa, kazi yote inafanyika katika sekunde 5 au 6 za mwisho, na kwa bomba lenu bado unaongeza baa 6 hivi. Jumlisha na 6 zilizokuwamo, umeshapita 10.

Dawa kamili ni kwamba upande wa nchi kavu usifunge kitu ambacho bado kinatembea. Meli ipunguze kasi, meli isimamishe pampu, ndipo vali za nchi kavu zifungwe. Mkihamisha kutoka tangi moja kwenda jingine, lile jipya lifunguliwe wazi kabisa kwanza, mthibitishe kwa kipimo cha kina kwamba linapokea, ndipo la zamani lifungwe. Na meli iambiwe mapema. Kwa tangi la kipenyo cha mita 10, dakika kumi za mtiririko wenu ni sentimita 42 za kina. Ukiita meli wakati umebakiwa na sentimita 20, umeshachelewa, na mkono utakimbilia vali. Wekeni alama ya kwanza ya kuita ikiwa imebaki nusu saa, ya pili dakika kumi, na punguzo la kasi lianze kwenye hiyo ya pili. Redio mbili zenye betri zilizojaa, mtu mmoja kila upande ambaye kazi yake ni hiyo tu, na maneno yaliyokubaliwa kabla ya kuanza. "Simama" isije ikaeleweka kuwa "subiri".

Ulizeni pia meli inatumia pampu ya aina gani. Pampu ya kuzungusha kwa nguvu ya kurusha, ukiifungia mlango, presha yake hupanda mpaka kikomo chake na kubaki hapo. Pampu ya skrubu, ambayo meli ndogo nyingi zinayo, inasukuma kiasi kile kile mlango uwe wazi au umefungwa. Kinachoiokoa ni vali yake ya kupunguza presha. Muulizeni afisa wa mzigo vali hiyo imewekwa kwenye baa ngapi, na liwe mojawapo ya maswali ya karatasi ya ukaguzi kabla ya kushusha. Ikiwa imewekwa kwenye 12 na mpira wenu ni wa 10, mmejua tatizo kabla halijatokea.

Kuna kifaa kimoja kidogo ninachokipendekeza bila kusita: toeni ule mkono wa robo mzunguko kwenye vali za tangi na mfunge gia yenye gurudumu. Binadamu akishtuka huvuta mkono kwa nguvu zake zote, lakini gurudumu la mizunguko mingi hawezi kulimaliza kwa sekunde moja hata akitaka. Haliondoi haja ya kufuata mpangilio nilioueleza, ila linaondoa lile pigo kamili.

Sasa kwa nini mpira ulipasukia karibu na flanji, si katikati? Hapo ndipo chuma kigumu cha kichwa cha mpira kinapokutana na mwili unaojipinda. Mpira ukining'inia kutoka kwenye manifoldi ya meli (midomo ya mabomba yake) bila kushikiliwa, uzito wote unakunjia shingo hiyo moja. Mita moja ya mpira wa inchi 6 ina kilo 15 za dizeli peke yake, kabla hujahesabu uzito wa mpira. Mita 12 ni kilo 180. Kila meli inapoyumba, shingo inakunjwa na kunyooshwa, nyuzi za ndani zinakatika moja moja, na siku pigo likija, linachagua hapo.

Kwa hiyo mpira ubebwe na mkanda mpana au tandiko lenye umbo la nusu duara, si kamba ya waya inayoukata, na sehemu inayotoka kwenye flanji itoke ikiwa imenyooka kabla ya kuanza kupinda. Kipimo cha chini cha mpindo kimo kwenye cheti. Msikivuke hata wakati wa kuhifadhi. Urefu nao upimwe kwa hali mbaya. Meli inaposhusha mzigo inapanda, na ikipanda wakati maji yanajaa, hasa siku za bamvua, mpira uliokuwa umelegea asubuhi utakuwa umevutika mchana. Ongeza mwendo wa meli kwenda mbele na nyuma kamba zinapolegea. Mpira unaovutika mwishoni mwa kazi ni mfupi, hata kama mwanzoni ulionekana mrefu.

Jambo la haraka kuliko yote: mpira wa pili, ule ambao haukupasuka, ulipokea pigo lile lile. Usitumike kwa meli ijayo mpaka ujaribiwe. Ulazeni umenyooka juu ya vipande vya mbao au roli, mahali pakavu penye mwanga. Kwanza pimeni umeme kati ya flanji na flanji, kuona kama waya wa ndani bado umeshika, ikiwa ni mpira wa aina inayopitisha umeme. Kisha pitisheni kiganja pole pole, mita kwa mita, pande zote: mnatafuta uvimbe, mahali palipo laini kuliko pengine, mahali palipobonyea, mpasuko unaoonyesha nyuzi. Macho yanadanganywa na rangi na vumbi. Kiganja hakidanganyiki kirahisi. Pigeni mstari wa rangi unaovuka kutoka kichwa cha chuma kwenda kwenye mwili wa mpira. Fungeni ncha zote mbili, jazeni maji safi mpaka hewa yote itoke kwa vali ya juu, na mpime urefu. Pandisheni taratibu mpaka baa 10, kagueni, halafu 15, kila mtu akiwa mbali na ncha. Baada ya nusu saa pimeni urefu tena kabla ya kushusha presha. Mstari wa rangi ukiwa umekatika, yaani mwili umeteleza kutoka kwenye kichwa, mpira huo umekwisha. Urefu ulioongezeka ulinganishwe na wa siku ulipokuwa mpya. Ukiwa umezidi kikomo cha mtengenezaji, umekwisha vilevile. Mwisho pimeni umeme tena. Jaribio hili lifanywe kila mwaka na tarehe iandikwe kwenye mpira. Na msitumie hewa badala ya maji: hewa iliyobanwa ikiachia, mpira unakuwa mjeledi.

Tuje kwenye mkono wa chuma. Ni kifaa kizuri, na muuzaji hadanganyi anaposema kinadumu. Ni mabomba mawili yaliyounganishwa kwa viungo vinavyozunguka, yakisawazishwa na mzigo wa chuma upande wa pili, ili mtu aweze kuusogeza mpaka kwenye flanji ya meli bila kubeba uzito. Kwa kuwa hakuna kinachopinda isipokuwa viungo, hakuna shingo ya kuchoka. Ukimaliza kazi unamwagika wenyewe: nusu ya juu inarudi melini, nusu ya chini inarudi nchi kavu, hewa ikiingia kwa vali ndogo ya kileleni. Gatini hakubaki mtu anayebeba mpira uliojaa. Kwa gati linalopokea meli kila siku, au kwa bidhaa hatari kama gesi ya kimiminika, mkono ndio chaguo.

Lakini pigo la presha litaufikia kama lilivyoufikia mpira, na mkono haujinyooshi kidogo kulimeza. Litaenda kwenye sili (vizuia uvujaji) za viungo na kwenye manifoldi ya meli. Tena mkono husawazishwa ukiwa mtupu. Ukijaa dizeli, uzito huo wa ziada unaegemea manifoldi ya meli, na meli ndogo zenye manifoldi nyepesi huhitaji mguu wa kuutegemeza. Viungo navyo vina mambo yake. Ndani yake kuna gololi zinazozunguka kwenye mifereji na sili inayozuia dizeli. Mkono ukisimama miezi bila kutumiwa, gololi zinakaa mahali pamoja, mtetemo na upepo vinazifanya zichonge vishimo, na kiungo kinaanza kukwama kwa hatua. Maji ya chumvi yakipita kizuizi cha nje, grisi inageuka povu la kutu. Tundu dogo lililo kwenye kiungo ni la kuonyesha sili imevuja. Wako wanaoliziba kwa rangi au grisi kwa sababu "linachafua". Kwa meli mbili au tatu kwa mwezi, mkono wenu ungekuwa na muda mwingi wa kusimama.

Kubwa kuliko hayo ni upeo wake. Mkono hufika mahali ulipochorewa kufika tu. Kabla hamjapokea bei yoyote, andikeni urefu wa manifoldi kutoka usawa wa gati kwa kila meli inayokuja: juu kabisa, yaani meli tupu maji yakiwa yamejaa, na chini kabisa, yaani meli imejaa maji yakiwa yamekupwa. Ongeza mwendo wa mbele, nyuma na kuachana na gati. Meli moja tu ikiwa nje ya mchoro huo, mtarudi kutafuta mipira siku hiyo. Muuzaji ambaye hajakuulizeni namba hizi hajawahi kuufikiria mkono wenu. Anauza wa mwingine.

Kwa hali mliyonieleza, ningebaki na mipira: mipya miwili yenye vyeti, iliyoshikiliwa vizuri, pamoja na koplingi (kiungo) ya kuachia iliyofungwa kwenye mnyororo wa mipira hiyo. Hii msiichanganye na koplingi kavu. Koplingi kavu ni ile unayoitenganisha kwa mkono kazi ikiisha bila kumwaga, kwa sababu vali za pande zote mbili hufungwa kabla haijaachia. Koplingi ya kuachia haiguswi na mtu: ina boliti zilizopunguzwa unene kwa makusudi, meli ikisogea kupita kiasi zinakatika, pande mbili zinaachana na kila upande unajifunga. Inaokoa mpira na gati siku kamba za meli zinapokatika. Ila inapojifunga nayo ni vali, tena inaweza kuwa ya haraka mno. Agizeni ile ambayo ufungaji wake unadhibitiwa, na mwambieni mtengenezaji urefu wa bomba lenu na kasi ya mtiririko, la sivyo mtanunua pigo jingine. Mikono mikubwa ina mfumo kama huo wenye hatua mbili: meli ikitoka kwenye mpaka wa kwanza kengele inalia, pampu zinasimama na vali zinafungwa; ikitoka kwenye wa pili, mkono unaachia.

Nidhamu ya flanji haihitaji maelezo marefu. Flanji ya inchi 6 ya daraja la 150 ina matundu 8 ya boliti; boliti ziwe 8, si 4 "kwa kuwa meli ina haraka". Gasketi (pete ya kuzuia uvujaji) mpya kila safari, na kukaza boliti kwa msalaba.

Sasa mzee wa gati. Anachosema kina chanzo cha heshima, maana kwa malori ethi ni uhai. Lori limesimama juu ya matairi ya mpira. Chaji ya umeme tuli inayoingia na dizeli haina njia ya kutoka, inajikusanya mpaka iruke kama cheche. Waya wa ethi unaipa njia. Meli haina shida hiyo. Imekaa ndani ya maji ya chumvi, hakuna ethi kubwa kuliko hiyo.

Shida ya meli ni nyingine. Mwili wake wa chuma, nguzo za gati na mfumo wa kuzuia kutu wa kila upande, vikiwa ndani ya maji ya chumvi, vinafanya betri. Volti zake ni ndogo, lakini njia ya chuma ikiunganishwa, mkondo unaweza kuwa mkubwa sana. Ukikata njia hiyo kwa kufungua flanji ya mpira, mkondo unaruka hewani kwenye flanji yenyewe, mahali penye mvuke. Waya wa ethi hausawazishi hali hiyo kwa sababu nao una ukinzani wake, na kuufunga na kuufungua ndiko kunakoweza kuleta cheche. Mwongozo wa kimataifa wa meli za mafuta na vituo, ISGOTT, ambao toleo lake la sita lilitoka 2020, unaelekeza kinyume cha waya: katisheni njia ya umeme kabisa kwa flanji ya kuhami, moja kwa kila mnyororo wa mipira, au kwa mpira mmoja usiopitisha umeme.

Iwe moja tu. Mkiweka mbili, kipande kilicho katikati kinaelea bila njia ya kutoa chaji na kinageuka hatari mpya. Kila kilicho upande wa bahari wa flanji hiyo kishikane kiumeme na meli, kila kilicho upande wa nchi kishikane na gati, na vya upande wa bahari visiguse gati popote. Pimeni ukinzani wake ikiwa imefungwa mahali pake: usipungue omu 1,000. Ukipungua, tazameni hivi: mikono ya plastiki ya boliti imepasuka, mtu amepaka rangi yenye chuma, chumvi imeganda, au waya wa kuning'inizia mpira unagusa pande zote mbili. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Kama mamlaka ya bandari yenu bado inalazimisha waya, uwe na swichi isiyopitisha cheche, ufungwe mbali na manifoldi kabla ya mpira kuunganishwa, swichi iwashwe baada ya waya kushika, na uondolewe baada ya mpira kutolewa.

Upande wa malori: kujaza kwa juu kunaweza kufanyika salama, ila kunamtegemea binadamu mno. Bomba la kujazia lazima lifike chini ya tangi. Mwanzo kasi isizidi mita 1 kwa sekunde mpaka mdomo umezama. Kwa bomba la inchi 4 hiyo ni karibu lita 490 kwa dakika. Baada ya hapo, kasi (mita kwa sekunde) ikizidishwa na kipenyo (mita) isivuke 0.5, yaani mita 5 kwa sekunde kwa inchi 4. Baada ya kujaza, subirini angalau dakika moja kabla ya kuingiza kijiti cha kupimia. Kama kuna chujio laini, dizeli ipate sekunde 30 za kutulia kati ya chujio na lori, kwa sababu chujio huzalisha chaji kuliko bomba.

Na kuna mtego wa dizeli ambao huwapata wazoefu. Dizeli peke yake haitoi mvuke wa kutosha kuwaka kwa joto la kawaida, kwa hiyo watu huona ethi ni urasimu. Lori lililobeba petroli safari iliyopita likija kuchukua dizeli, mvuke wa petroli uliomo ulikuwa mzito mno kuwaka. Dizeli inaunyonya, unapungua, na unashuka mpaka kwenye kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ambako unawaka. Wakati huo huo dizeli inaleta chaji. Kila lori liulizwe lilibeba nini mwisho, na kama ni petroli lisipokewe bila kusafishwa. Kujaza kwa chini kunaondoa watu juu ya tangi na kunaruhusu mvuke kukusanywa, lakini kunahitaji vihisio vya kujaa kwa kila chumba na malori yenye koplingi ya inchi 4 inayolingana. Ningeifanya hiyo kabla ya mkono wa gatini. Watu wanaoanguka kutoka juu ya malori hawasubiri pigo la presha.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kuyafanya badala ya mtu aliyefika mahali. Hesabu niliyokupa inaonyesha ukubwa wa pigo, si namna linavyoakisiwa kwenye kila tawi la bomba. Kama mnataka kuongeza kasi ya kushusha, kufunga vali zinazojifunga zenyewe kwa dharura, au kuweka vali ya kupunguza pigo, mhandisi wa mabomba aifanyie bomba lenu hesabu kamili kwa kompyuta. Mtaalamu wa kuzuia kutu apime nguzo za gati na flanji ya kuhami. Na kwa kuwa pigo la juzi lilipita bomba zima, kabla ya meli ijayo mwiteni mkaguzi atembee mita zote 1,400, aangalie vishikizo vilivyosogea, flanji zilizolowa na gasketi zilizotokeza, kisha bomba lijaribiwe kwa maji. Meli nayo iambiwe ikague manifoldi yake. Huenda haijui kwamba iligongwa.